Kula bata Dar kwa mfuko wa boom: dansi la Kariakoo, mihogo ya Coco na mlango ninaolipia kwa moyo mmoja

Kila boom, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, linapotoka, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hubadilika kwa wiki moja hivi. Foleni ya chipsi pale Savei inarefuka, boda wa kijiweni wanapiga safari za Sinza na Masaki mpaka usiku wa manane, na kwenye makundi ya WhatsApp ya kozi swali linabaki moja: leo tunakula bata wapi? Wiki ya tatu, kimya. Nimeyaona haya tangu mwaka wa kwanza. Sasa niko mwaka wa tatu, napanga chumba Msewe na mwenzangu mmoja, na nina msimamo ninaoutetea mbele ya yeyote: jiji hili lina usiku mtamu wa bei ndogo, ila wengi wetu tunaupita tukikimbilia ule wa bei kubwa.

Nianze na mfuko, maana maoni ya starehe yasiyotaja mfuko hayamsaidii mwanafunzi. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500. Humo humo kuna kodi, wali maharage wa mchana, bando, na kutoa kopi. Bata halikupangiwa fungu. Kiwango changu cha juu kwa usiku mmoja ni 15,000, na hiyo ni pamoja na kwenda, kuingia, kunywa, kula na kurudi mpaka kwenye mlango wa chumba. Mahali pakinilazimisha kuzidisha hapo, hata pawe na taa za rangi gani, kwangu pamefeli.

Na mahali palipofaulu kuliko pote ni dansi. Namaanisha dansi lenyewe, la bendi, gitaa tatu na besi, tumba, tarumbeta na saksafoni, waimbaji wanaosimama mstari mmoja mbele. Kwa umri wangu watu huona ajabu. Nimekulia Tabora, mji uliokuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, na babu alikuwa hakosi vipindi vya zilipendwa redioni. Kwa hiyo nilipofika Dar nikasikia kwamba Sikinde na Msondo bado wanapanda jukwaani, wanapiga mbele ya watu kwa kiingilio cha pesa ya kawaida, sikuwa na sababu ya kubaki hosteli nikitazama tamthilia.

Usiku wangu ninaoupenda ni wa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, pale DDC Kariakoo, ukumbi uliokuwa nyumbani kwao kwa miaka mingi. Ratiba za bendi hizi hubadilika, leo wako Kariakoo, kesho wamealikwa Mbagala au Tandika, kwa hiyo ulizia siku yenyewe kabla hujatoka. Kwenda si tatizo. Natembea au napanda daladala mpaka Ubungo, nachukua mwendokasi wa Gerezani, napita Shekilango, Manzese na Magomeni nikiwa naona foleni ya magari pembeni imesimama, na nashuka Kariakoo. Tangu mabasi haya yaanze mwaka 2016, mtu wa Ubungo anaweza kwenda kucheza muziki Kariakoo bila kuwaza kwamba atafika dansi limefika katikati.

Mlangoni nimelipa 5,000. Unapewa tiketi ndogo ya karatasi, unaingia, unatafuta kiti cha plastiki. Wanafunzi wenzangu niliowahi kwenda nao huwa wanashtuka hapo: hakuna anayekuuliza umevaa nini, hakuna meza iliyowekewa kamba, na mtu mwenye suti na mtu mwenye fulana ya Simba wanakaa bega kwa bega. Soda nimenunua kwa 1,000, bia ni ya bei ile ile ya baa za mtaani. Mhudumu akishajua wewe ni wa soda, anakuletea na mrija wa kunywea na hakusumbui tena.

Ushauri wa kwanza: usifike saa tatu ukitegemea kuwakuta wakongwe. Mwanzoni bendi hujipasha moto, vijana wanapiga nyimbo za watu, fundi mitambo anapandisha hiki anashusha kile. Kuanzia saa nne na nusu hivi ndipo unapoona watu wanaacha kuongea. Gitaa la solo linaingia peke yake, ridhim inajibu, halafu besi inateremka chini kabisa na ukumbi mzima unageuka kutazama jukwaani. Ninachowaambia wenzangu wasiolijua dansi ni kwamba wimbo mmoja una safari yake. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, ina kisa, na kisa hicho ni cha watu wazima: ndoa imevunjika, ndugu amemsahau aliyemsomesha, mtu amehama mji. Waimbaji wanapokezana, wanaunganisha sauti. Baada ya hapo kinakuja chemko. Mpigo unapanda, waimbaji wanabaki na maneno machache wanayoyarudia, gitaa zinaanza kugombana kwa furaha, tarumbeta zinakata juu yake, na hapo hata mzee aliyekuwa anasinzia kwenye kona anasimama. Chemko moja linaweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Wimbo wa redioni wa dakika tatu hauwezi kukufundisha raha hiyo, kwa sababu haukupi muda wa kuingoja.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa Mlimani tungepaswa kulijua kuliko watu wote. Bendi hii ilianza mwaka 1978 katika baa iliyoitwa Mlimani Park, na jina la bendi limetoka huko, kabla haijawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Jina tunalolitaja kila siku tukimaanisha madarasa na maktaba limezunguka nchi nzima kwa zaidi ya miaka arobaini kwenye magitaa. Upande wa pili wako Msondo Ngoma, walioanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, wakapita kwenye majina ya JUWATA na OTTU, na bado wapo. Watu wanaziita bendi hizi watani wa jadi, na ndivyo zilivyo, lakini damu ni moja: marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, aliyetutoka mwaka 2014, ameimba pande zote mbili. Ukimsikiliza mwimbaji kijana wa leo anavyovuta neno mwishoni, unaisikia shule yake.

Na watu waliomo ukumbini ni nusu ya starehe. Usiku mmoja nilimkuta mzee amekaa peke yake kwenye meza iliyo karibu na tumba.

"Shikamoo mzee. Hapa pana mtu?"

"Marahaba binti. Kaa tu, mwenyewe kaenda kucheza. Wewe Msondo au Sikinde?"

Nikamwambia mimi kwetu Tabora, babu yangu alikuwa mtu wa Tabora Jazz.

"Ahaa, Segere Matata! Basi hujapotea."

Kuanzia hapo alinieleza kila mpigaji aliye jukwaani: huyu amepita bendi gani, yule amechukua gitaa la nani, huu wimbo ulipotoka watu waliokuwa wanautafuta kwenye santuri walikuwa wangapi mtaani kwao. "Mwenyewe" aliporudi kumbe alikuwa mkewe, mama mmoja mwenye kanga mbili na viatu vya kufunga, akanishika mkono akanipeleka katikati. Hatua za dansi za watu wazima ni ndogo sana. Mguu haunyanyuki, kiuno hakihangaiki, mtu anateleza tu na mpigo. Nilijifunza kwa yule mama kwamba ukiharakisha unachoka kabla ya chemko, na wimbo una thawabu yake kwa anayejua kujizuia. Nilikuwa nimezoea kumbi ambazo msichana akisimama kucheza tayari ana watu wanne nyuma yake. Pale nimecheza mpaka jasho likanitoka na hakuna aliyenigusa bila kuniomba.

Halafu kuna kutunza. Mwimbaji akikugusa roho unasimama, unakwenda mbele ukicheza, unamwekea noti kwenye paji la uso au mfukoni. Wenye nazo huweka noti nyekundu moja baada ya nyingine. Mimi huwa natenga 1,000 kwa kazi hiyo, naikunja vizuri tangu nyumbani, na naipeleka kwa mpiga besi, ambaye husahaulika kwa kuwa anasimama nyuma. Sijawahi kuona mwanamuziki akiipokea elfu moja kwa dharau. Anainamisha kichwa, anakupigia besi mbili tatu za ziada, na unarudi kitini umekuwa sehemu ya ule wimbo.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka wenzangu walielewe. Kwenye dansi la bendi, utaratibu wa siku nyingi ni kwamba fedha ya mlangoni ni ya bendi, na fedha ya vinywaji ni ya baa. Kwa hiyo yule mwanafunzi anayeruka ukuta, au anayeomba mlinzi amwingize "kwa kujuana", hajamkwepa tajiri yeyote. Amempunguzia mpiga tarumbeta nauli ya kurudi Mbagala. Na anayelipa 5,000 yake akakaa na soda moja mpaka mwisho asione aibu hata kidogo, kwa sababu deni lake kwa wanamuziki amelilipa getini. Nikijua hivyo, ile 5,000 ndiyo pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote mwezi mzima. Bendi hizi zilikuwa za mashirika na vyama, wanamuziki wakilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Leo zinasimama kwa mlango, kwa mialiko na kwa hizo noti za paji la uso. Tukitaka tuzikute tukiwa na wajukuu, mlango tulipie.

Kasoro zipo, na nitazisema. Kwenye kumbi za dansi nilizopita, vyoo vya wanawake ni shida karibu kila mahali: taa imeungua, maji ni ya ndoo, mlango haufungi. Beba tishu na uende na mwenzako wa kushika mlango. Spika nazo hufunguliwa kupita kiasi. Ukikaa mbele yake hutasikia gitaa, utasikia vumbi la sauti tu. Kaa pembeni, usawa wa tumba. Na kuna ukumbi mmoja, sitautaja, ambao tangazo lilisema saa mbili na bendi ikapanda saa sita kasorobo, watu wa mbali tukaanza kuondoka wimbo wa nne. Mwenye ukumbi anayefanya hivyo anatufukuza sisi tusio na magari, na sisi ndio wateja wa kesho.

Nafasi ya pili naipa Coco Beach, na siku zingine, hasa wiki ya mwisho kabla ya boom, ndiyo inayochukua ya kwanza. Ufukwe ule wa Oysterbay, kando ya Toure Drive, hauna kiingilio. Sisi hupanda daladala mpaka Morocco, tunachangia bajaji, tunafika jua linazama. Chakula cha pale ni mihogo ya kukaanga, na mihogo ya Coco ina haki ya kusifiwa. Mama anaimenya, anaichemsha kidogo, anaikata vipande virefu na kuitumbukiza kwenye mafuta mpaka nje inakauka na ndani inabaki laini kama unga. Anaipasua kwa kisu, anamimina chachandu ya ukwaju na pilipili, anamalizia na kachumbari na chumvi. Kwa 2,000 nimeshiba. Ukiongeza mishikaki miwili na dafu, bado hujafika 5,000.

Jifunze kuchagua kibanda. Mimi naangalia mafuta: yakiwa meusi napita. Naangalia pia kama mihogo inakaangwa sasa hivi au imelundikwa pembeni ikingoja kupashwa, kwa sababu muhogo uliopoa ukipashwa unakuwa mgumu na unanyonya mafuta. Na bei ulizia kabla hujakaa. Wapo wachache ambao wakikuona na wageni, sahani ile ile inapanda. Mama ninayemfuata mimi hana tabia hiyo. Nikifika ananiita "mwanangu wa Mlimani" na kuniongezea kipande cha nyongeza bila kuombwa, na pilipili yake anaitengeneza mwenyewe, ina harufu ya ndimu.

Usiku wa Ijumaa na Jumapili ufukwe unajaa. Kuna makundi ya vijana yenye spika zao, familia zilizotandika mikeka, wapenzi waliokaa kwenye mawe, wapiga picha wa papo kwa papo. Hakuna anayekulazimisha kununua kitu ili ukae. Tukimaliza kula huwa tunatembea kuelekea Daraja la Tanzanite, lile la juu ya bahari lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kama kilomita moja kutoka upande wa Coco mpaka karibu na hospitali ya Aga Khan. Upepo wa katikati ya daraja usiku, taa za mji upande mmoja na giza la bahari upande wa pili, ni starehe ambayo watu wa hoteli za ghorofa wanailipia kwa dola. Nendeni kwa kundi, simu mfukoni, na mkishapiga picha muondoke pamoja. Kuogelea usiku sishauri kabisa. Mawimbi ya pale yana nguvu na chini kuna matumbawe yanayochana miguu.

Kuhusu klabu za upande wa Masaki nitakuwa mfupi. Nimeingia, kwa mwaliko wa watu waliokuwa na sherehe ya kuzaliwa. Ile tuliyokwenda ilitoza wavulana 20,000 mlangoni na wasichana bure kabla ya saa tano. Maji madogo, chupa ya nusu lita, 4,000. Viti vyote vilikuwa vya meza za chupa, yaani usiponunua chupa kubwa unasimama mpaka asubuhi. Muziki ulikuwa mzuri, DJ anajua kazi yake, sakafu safi, vyoo vinang'aa, hilo nalikiri. Lakini wadogo zangu wa mwaka wa kwanza nataka wanisikilize kwa hili la "wasichana bure". Umeingizwa bure ili wanaume walionunua chupa wawe na wa kutazama, na kabla ya saa saba atakuja mtu mezani kwenu kudai kwamba vile vinywaji alivyotuma vina maana fulani. Ukiwa na 3,000 mfukoni na huna nauli ya kurudi, hoja zako zinapungua. Usiku ambao unanifanya nimtegemee mtu nisiyemjua ili nifike nyumbani siuiti wa bei nafuu. Afadhali nilipe 5,000 yangu Kariakoo na nibaki na sauti yangu.

Singeli nayo siwezi kuiacha, kwani kama dansi ni la wazazi wetu, singeli ni yetu. Imezaliwa Uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kutokana na vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha ambapo DJ alichukua vipande vya taarabu akavikimbiza mpaka vikawa kitu kipya. Leo mpigo wake unapita 200 kwa dakika na wasanii wake wanaitwa mpaka matamasha ya Ulaya. Mimi nilikwenda mkesha wa harusi ya dada wa rafiki yangu Manzese. Gharama yangu ilikuwa nauli na mchango mdogo wa bahasha. Mtaa umefungwa kwa maturubai, spika zimepangwa kama ukuta, akina mama wa sare moja wako mbele, na MC anaghani majina ya watu kwa kasi ambayo pumzi yake sijui inatoka wapi. Nilipotajwa "mgeni kutoka chuo" nilijikuta nimebebwa katikati. Ni raha kubwa, ila ni raha ya kualikwa. Kigodoro usikivamie kama mtalii, na usirekodi watu wakicheza bila ridhaa yao, kwa sababu video hizo zimewaumiza wasichana wengi wa mitaa ile. Ukiwa na mwenyeji, nenda. Huna, subiri.

Kwa wale wenye kupenda usiku wa utulivu zaidi, fuatilieni matangazo ya Nafasi Art Space kule Mikocheni na Alliance Française pale Upanga. Mara kwa mara huwa na maonyesho ya muziki, filamu na ngoma, mengine bure, mengine kwa kiingilio kidogo. Yanaanza mapema na kuisha mapema, jambo ambalo kwa mwenye kipindi cha saa moja asubuhi ni neema. Mitambo yao ya sauti ni safi kuliko ya kumbi nyingi. Ninachokikosa kule ni wazee wangu wa meza ya tumba, na yale maongezi.

Sasa kurudi, maana bata la mwanafunzi linaamuliwa na safari ya kurudi. Daladala za safari fupi ni 600 tangu nauli zilipopanda Desemba 2023, lakini usiku zinaadimika, na mwendokasi hautakusubiri mpaka chemko liishe. Usijipe moyo kwamba utaukuta baada ya saa tano. Tunachofanya sisi ni kutoka wanne na kurudi wanne. Gari la kuita kwa simu kutoka Kariakoo mpaka Msewe tumelipa kati ya 12,000 na 15,000 kutegemea saa, kwa hiyo kila mtu anatoa 3,000 na kitu. Pesa hiyo tunamkabidhi mmoja kabla hatujaondoka chumbani, na haiguswi hata wimbo upendwe vipi. Boda ya peke yako usiku kwa msichana siipendekezi, isipokuwa dereva awe wa kijiwe chenu mnayemjua kwa sura na namba. Sisi tunaye mmoja, mtu mzima mwenye watoto, na siku ambazo tunashukia Ubungo huja kututoa wawili wawili mpaka getini, na anangoja mpaka taa ya chumba iwake.

Kuhusu kula, ule kabla hujaondoka. Zege ya Mwenge au Savei, yaani chipsi mayai na kachumbari, jioni ni 3,000 na inakufikisha mpaka alfajiri. Ukila ukumbini utalipia mara moja na nusu. Nikiweka kila kitu pamoja, usiku wangu wa Kariakoo unakuwa hivi: zege 3,000, kwenda kama 1,500, mlango 5,000, soda 1,000, mpiga besi 1,000, kurudi 3,500. Jumla 15,000 kamili, na nimesikiliza bendi nzima ya watu waliojifunza ala zao maisha yao yote.

Sikukuu zikikaribia, mara nyingine Sikinde na Msondo hukutanishwa kwenye jukwaa moja. Kiingilio siku hiyo hupanda, ukumbi hujaa mpaka nje, na watu huja na fulana za upande wao. Nimeanza kuweka elfu elfu kwenye simu kwa ajili ya mpambano ujao, na mwenzangu wa chumba ameweka pia ingawa yeye amehamia Msondo na hataki nimbembeleze. Mpaka sasa tuko watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Gari moja halitutoshi, ila bajaji mbili zinabeba sita, kwa hiyo nafasi moja bado ipo kwa anayekaa maeneo ya Msewe au Changanyikeni na yuko tayari kulipa mlango.